Tusimhukumu Mtu kwa Kumwona Usoni

Kaa stendi ya Misuna asubuhi mabasi yanapoingia, pita mnadani siku ya ng'ombe, simama kwenye foleni ya zahanati yoyote kati ya Manyoni na Mkalama, au tega sikio kwenye mazungumzo ya jioni kibarazani. Kuna kauli moja utaisikia ikirudi tena na tena hapa Singida: "Nilimwona usoni." Nilimwona usoni kuwa hakuipenda bei. Nilimwona usoni kuwa ndiye aliyechukua. Binti nilimwona usoni kuwa amemkubali mchumba. Kauli hiyo ikishatamkwa, mjadala huwa umefungwa. Ni nadra mtu kuuliza: uliona nini hasa? Ndita? Midomo iliyobanwa? Jino lililochungulia kidogo? Na ulijuaje kwamba ile ndita ilitoka moyoni, wakati mwenye uso alikuwa amesimama kwenye jua la saa saba na upepo wetu wa vumbi ukimpiga machoni?

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Uso wa mtu husema jambo, sikatai, lakini husema machache kuliko tunavyodhani, na mengi tunayoyasoma pale huwa tumeyaleta wenyewe: hofu zetu, chuki zetu, na yale tuliyokwisha kuyaamini kabla hatujamtazama. Kuufanya uso kuwa ushahidi ni kosa, na kosa hilo lina gharama. Gharama yake hulipwa na mtoto darasani, na shahidi kizimbani, na mgonjwa kitandani, na bibi kizee jikoni kwake. Wahenga walikwisha kutuonya kwamba moyo wa mtu ni msitu wa giza. Sisi tunautazama msitu kwa nje, tunaona majani yakitikisika, kisha tunaapa kwamba tumemwona mnyama.

Kutoka Paris hadi Eyasi

Imani kwamba hisia zina alama zake usoni, zilezile kwa watu wote, imejengwa na wasomi wakubwa. Mwaka 1862 daktari Mfaransa, Duchenne, alichapisha matokeo ya kazi yake ya kusisimua misuli ya uso kwa umeme. Aliona kwamba tabasamu la furaha huvuta pembe za mdomo na pia hukaza misuli inayozunguka macho, na akashikilia kwamba misuli hiyo ya macho haitii amri ya mtu kirahisi. Miaka 10 baadaye, mwaka 1872, Charles Darwin alitoa kitabu kizima kuhusu namna binadamu na wanyama wanavyoonyesha hisia, baada ya kuwaandikia wamisionari na maofisa wa makoloni sehemu mbalimbali za dunia akiwauliza watu wa huko hukunjaje uso au huonaje haya. Kisha mwishoni mwa miaka ya 1960 Mmarekani Paul Ekman alikwenda kwa Wafore, nyanda za juu za Papua New Guinea. Aliwasimulia visa vifupi na kuwaonyesha picha za nyuso, wao wakachagua picha inayofaa kila kisa. Akarudi na jibu kwamba furaha, huzuni, hasira, woga, mshangao na kinyaa hutambulika usoni popote alipo binadamu. Jibu hilo likaingia vitabu vya shule na mafunzo ya askari wa nchi nyingi.

Lakini angalia jinsi swali lilivyoulizwa. Kila mzazi aliyesomesha mtoto hadi darasa la saba anaujua mtihani wa kuchagua. Mtoto asiyejua jibu bado anaweza kulipata kwa kuyaondoa yale yasiyofanana na swali. Ukimweleza mtu kisa cha msiba na kumpa picha chache, moja ikiwa ya mtu anayecheka, hiyo ataiondoa mara moja, na wewe utaandika kwamba ametambua huzuni. Ametambua huzuni, au ametambua tu kwamba msibani hapafai kicheko?

Watafiti waliokuja baadaye waliuondoa mtihani wa kuchagua. Mwaka 2014 Maria Gendron na wenzake walitoa utafiti uliofanyika kwa Wahimba, wafugaji wa Namibia. Waliwapa picha 36 na kuwaachia wazipange mafungu kwa namna wanavyoona wenyewe. Picha za tabasamu zilikwenda fungu moja bila taabu. Nyingine hazikufuata mafungu sita ya vitabuni. Na walipoulizwa watu wale wanafanya nini, wengi walitaja vitendo: huyu anacheka, huyu anaangalia. Hawakukimbilia kutaja kilicho moyoni mwa mtu ambaye hawajaongea naye. Miaka miwili baadaye, kundi lingine la watafiti lilionyesha kwamba uso wa macho yaliyotoka na mdomo ulioachama, ambao vitabu vinauita uso wa woga, kwa watu wa visiwa vya Trobriand ni uso wa mtu anayetishia. Woga kwa huyu, shari kwa yule, na picha ni ileile.

Na jambo hili halikuishia mbali. Mwaka 2020 Gendron na wenzake, wakiwemo Alyssa Crittenden, Shani Msafiri Mangola na Lisa Feldman Barrett, walichapisha utafiti juu ya Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi, jamii ambayo sehemu yake iko hapa kwetu, Munguli wilayani Mkalama. Walichaguliwa kwa sababu maalumu. Nadharia ya zamani ilisema alama za uso zilizaliwa katika maisha ya kuwinda na kuokota vyakula vya porini, kwa hiyo kama kuna watu wangepaswa kuzisoma kama vitabu vinavyosema, ni hawa wanaoishi karibu zaidi na maisha hayo. Matokeo yalikuwa kinyume. Ushahidi wa lugha moja ya nyuso kwa wanadamu wote ulikuwa mdogo sana. Watu walizipa nyuso maana kwa kutumia walichofundishwa na jamii yao kuhusu hisia. Nadharia iliyotungwa maktaba za Ulaya na Marekani ilipofika kwa watu wa mkoa wetu na jirani zao, ilishindwa mtihani wake wenyewe.

Tabasamu lina mtu linayemlenga

Tuchukue tabasamu, kwa sababu ndilo tunaloliamini kuliko alama zote. Mwaka 1979 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Kraut na Johnston, waliwatazama wachezaji wa mchezo wa kuangusha pini kwa mpira. Mchezaji aliyepiga vizuri hakutabasamu sana akiwa bado anazitazama pini zikianguka. Tabasamu lilitoka alipogeuka kuwaelekea wenzake. Kwenye michezo ya Olimpiki ya Barcelona ya 1992 watafiti wa Kihispania waliwachunguza washindi wa dhahabu wakati wa kupewa medali. Watu hao walikuwa na furaha ambayo wengi wetu hatutaionja maishani, lakini tabasamu lao lilichanua hasa pale walipokuwa wakishughulika na watu, na wakati mwingine wote nyuso zilikuwa na mambo mengine. Anayekwenda Uwanja wa Liti anaweza kulithibitisha hili bila utafiti: mfungaji huutazama mpira ukiingia wavuni kwa uso uliokaza, halafu anageuka kukimbilia jukwaani, na hapo ndipo meno yote yanapoonekana. Furaha ilikuwepo tangu mpira ulipovuka mstari. Tabasamu lilisubiri watu.

Maana yake ni kwamba tabasamu ni maneno yasiyo na sauti, na kama maneno yote, husemwa kwa mtu fulani kwa sababu fulani. Huweza kusema nimefurahi. Huweza pia kusema naomba usinipige, au sitaki ugomvi, au mimi ni mdogo kwako, au nimeaibika. Kiswahili chenyewe kinalijua hili, ndiyo maana tuna bashasha, tuna kicheko cha karaha, tuna kuchekea tumboni, na tunasema mtu amecheka kwa uchungu. Lugha iliyotofautisha vicheko kwa uangalifu namna hii inatudai tuwe waangalifu vilevile tunapovitazama.

Kama kuna nchi ambayo haipaswi kusahau kwamba kicheko si lazima kiwe furaha, ni Tanzania. Tarehe 30 Januari 1962, chini ya miezi miwili baada ya Uhuru, wasichana watatu wa shule ya bweni ya misheni pale Kashasha, karibu na Bukoba, walianza kucheka na wakashindwa kujizuia. Kikaenea. Kati ya wanafunzi 159, walipatwa 95, na tarehe 18 Machi shule ikafungwa. Wasichana waliporudishwa makwao, hali hiyo ikawafuata vijijini na katika shule nyingine. Madaktari Rankin na Philip, walioandika habari hiyo mwaka 1963, hawakupata sumu wala kiini cha ugonjwa. Waliandika juu ya watu waliocheka na kulia kwa zamu, waliohangaika, wengine wakihisi kuna kitu kinawafuata. Dunia imekuwa ikisimulia kisa hiki kama kichekesho kutoka Afrika, jambo ambalo linaumiza, maana wale walikuwa watoto waliolemewa, mbali na mama zao, na mwili ukatoa kwa kicheko kile ambacho mdomo haukuweza kukisema. Aliyewatazama usoni tu angesema wanafurahi.

Mtoto anayeambiwa "unanicheka?"

Hapa ndipo jambo linapoingia nyumbani kwetu. Mtoto amevunja chombo au amekosa hesabu ubaoni. Mkubwa anamkaripia. Mtoto, kwa woga, anatoa tabasamu lile la kujikunyata, mdomo umetanuka, mabega yamepanda. Mkubwa anaona dharau. "Unanicheka?" Na adhabu inaongezeka. Mtoto hakucheka. Mtoto alikuwa anaomba radhi kwa njia pekee ambayo uso wake uliijua wakati ule, na akaadhibiwa kwa ajili ya ombi lake. Ni mara ngapi jambo hili limetokea katika madarasa yetu? Na mtoto amejifunza nini pale, isipokuwa kwamba hata uso wake mwenyewe unaweza kumsaliti?

Kisha kuna suala la macho. Tunawalea watoto kwa kuwaambia uso umeumbwa na haya. Mtoto mwenye adabu hamkodolei mkubwa macho. Anainamisha kichwa, anapokea kwa mikono miwili, anajibu kwa sauti ya chini. Miaka kumi na minane tunamfunza hivyo. Siku anaposhukiwa, polisi, shuleni, au mbele ya mwajiri, tunamgeuka: "Niangalie machoni! Mbona unakwepa?" Kile tulichokiita heshima asubuhi tunakiita uongo jioni. Imani hii kwamba mwongo hukwepa macho imeenea duniani. Utafiti uliotoka mwaka 2006 uliikuta katika nchi kadhaa wa kadhaa. Lakini mwaka huohuo Bond na DePaulo walijumlisha tafiti za miaka mingi zilizohusisha watu zaidi ya 24,000 waliotakiwa kusema nani anadanganya na nani anasema kweli. Walipatia mara 54 katika 100. Ukirusha sarafu juu, utapatia mara 50.

Sheria yetu ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inampa hakimu nafasi ya kuandika maoni kuhusu mwenendo wa shahidi akiwa anahojiwa. Siilaumu, aliyekuwepo chumbani ameona asichokiona msomaji wa mafaili. Ila nafurahi kwamba Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika rufaa ya jinai namba 28 ya mwaka 2001, ilifungua njia nyingine mbili za kupima kuaminika kwa shahidi: kuangalia kama maelezo yake yanashikana yenyewe kwa yenyewe, na kuyalinganisha na ya mashahidi wengine, akiwemo mshtakiwa. Njia zote mbili hutumia masikio na akili. Mwanakijiji wa Ikungi anayefika mahakamani kwa mara ya kwanza, anayetoka jasho na kuinamia miguu yake kwa sababu chumba kimejaa wakubwa, anastahili kupimwa kwa njia hizo.

Macho mekundu

Lakini jeraha kubwa kuliko yote liko kwa mabibi zetu. Katika mikoa inayopakana nasi kaskazini na magharibi, Shinyanga na Tabora, na kuendelea hadi Mwanza, wanawake wazee wameuawa kwa miongo mingi kwa kutuhumiwa uchawi, na miongoni mwa "ushahidi" uliotajwa mara nyingi ni macho mekundu. Kiongozi na mwananchi, msomi na asiyesoma, wote wanajua macho yale yametoka wapi. Yametoka kwenye mafiga matatu. Mwanamke aliyepika miaka hamsini ndani ya jiko lisilo na dirisha, kwa kuni na pale kuni zilipokosekana kwa samadi ya ng'ombe, macho yake yamekunywa moshi maisha yote. Ongeza vumbi la nchi kavu. Ongeza vikope, ugonjwa ambao kanda ya kati, Kongwa ikiwa mfano unaojulikana sana, imepambana nao miaka mingi. Jumlisha umri na usingizi mchache. Macho hayo ni kumbukumbu ya vyakula vyote alivyowapikia watu wale wale wanaomwogopa.

Kuna atakayesema uchawi na macho mekundu ni habari nyingine, haihusiani na kusoma hisia. Inahusiana kabisa. Anayemnyooshea bibi kidole anadai ameona chuki na husuda machoni pake. Amechukua alama ya mwili, akaipa maana ya moyo, na hakuuliza. Ni tendo lilelile la mwalimu aliyeona dharau kwenye tabasamu la woga, ila hapa limefika mwisho wake wa kutisha.

Lakini si tunaishi kwa kusomana?

Najua pingamizi, na lina uzito. Mama humjua mwanawe amekuja na jambo kabla hajavua viatu. Mke humwona mumewe kwamba siku haikuwa nzuri. Hata vipofu wa kuzaliwa, ambao hawakuwahi kuona tabasamu la mtu yeyote, hutabasamu. Matsumoto na Willingham walionyesha mwaka 2009, kwa picha za wanajudo wa michezo ya Paralimpiki ya Athens, kwamba nyuso zao za ushindi na za kushindwa zilifanana na za wenye kuona. Je, hilo halithibitishi kwamba uso ni lugha ya maumbile?

Linathibitisha kwamba tumezaliwa na misuli na uwezo wa kuitumia, nami nakubali bila shida. Halithibitishi kwamba kila ndita ni hasira. Barrett na wenzake wanne, waliokuwa na misimamo inayotofautiana tangu mwanzo, walipitia tafiti zaidi ya 1,000 na kutoa ripoti yao mwaka 2019. Watu wenye hasira hukunja uso takriban mara 3 tu katika kila 10. Mara nyingine hunyamaza, hulia, hutabasamu, hupanga kisasi wakiwa na uso mkavu. Na wanaokunja uso mara nyingi hawana hasira: wanafikiri, wanaumwa tumbo, wanapalilia alizeti mchana wa jua. Ukimwona kobe kainama, walisema wazee, anatunga sheria.

Ama mama na mwanawe, tazama vizuri anachokisoma. Anajua mtoto alitoka saa ngapi, alikuwa anaelekea wapi, jana walisemezana nini, kwa kawaida huingia na kelele na leo ameingia kimya. Uso ni mstari mmoja katika ukurasa mrefu ambao mama ameusoma kwa miaka. Mgeni hana ukurasa huo. Askari hana, karani hana, mwalimu mwenye watoto 80 darasani hana. Na hata mama, akishaona, huuliza: "Una nini, mwanangu?" Kule kuuliza ndiko kunakomfanya ajue.

Basi itakuwaje kwa mashine, isiyo na ukurasa wowote? Zipo programu zinazouzwa kwa madai ya kutambua hisia za mwombaji kazi au mwanafunzi kupitia kamera. Mwaka 2022 kampuni ya Microsoft iliondoa huduma yake ya kukisia hisia kutoka kwenye nyuso, na tangu Februari 2025 Umoja wa Ulaya umezizuia kazini na shuleni, isipokuwa kwa sababu za tiba au usalama. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Ningependa katazo kama hilo lisemwe waziwazi hapa kwetu kabla bidhaa zilizokataliwa kwingine hazijatafuta soko jipya kwa vijana wetu wanaosaka ajira.

Wodini

Nimalizie na sehemu ambayo kosa hili hutokea kwa utulivu sana, bila kelele. Watoto wa kiume katika jamii nyingi za mkoa huu hufundishwa jandoni wasipepese macho. Wanawake hufundishwa kwamba uchungu wa uzazi ni wa kujikaza, na anayepiga kelele huleta aibu. Kisha mtu aliyefundishwa hivyo maisha yake yote anafikishwa hospitali, na mhudumu aliyechoka, mwenye wagonjwa wengi, anamtazama na kuona uso mkavu. Huyu bado. Anapewa nafasi yule anayelia zaidi. Inawezekana kabisa yule mkimya ndiye aliye hatarini. Kuna pia mzee ambaye ugonjwa wa Parkinson umemkausha misuli ya uso, na aliyepata kiharusi, na mtoto mwenye usonji, ambao nyuso zao hazifuati kabisa mazoea ya mtazamaji.

Ipo karatasi moja inayotumika hospitalini, iliyobuniwa Marekani miaka ya 1980 na Donna Wong na Connie Baker kwa ajili ya watoto wagonjwa. Imechorwa nyuso sita kwa mstari, kuanzia anayetabasamu hadi anayebubujikwa na machozi. Jambo zuri kuliko yote kuhusu karatasi hiyo ni kwamba muuguzi haruhusiwi kuilinganisha na uso wa mgonjwa. Anaishika mbele yake na kuuliza, na mgonjwa ndiye anayenyoosha kidole. Mama wa Nduguti aliyejikaza tangu alfajiri, uso wake mkavu kama mawe ya mlimani, akiulizwa "Mama, kati ya hizi, wewe ni ipi?", anaweza kuinua mkono taratibu na kugusa ule wa mwisho.